UZI: Kuipiga picha galaksi ya NGC 253 kwa darubini janja ukiwa hapa kwetu. Usiifuate utosini!

MtazamaAnga_Dom

Wakuu salaam.

Tangu mwezi wa nane nimekuwa nikitoka mjini Dodoma kwenda shambani kwa mjomba, kama kilomita 40 upande wa Kondoa, kuipiga picha galaksi moja tu: NGC 253, kwenye kundinyota la Sculptor. Natumia Seestar S50, ile darubini janja yenye lenzi ya milimita 50. Haina pa kuchungulia kwa jicho. Unaiweka chini, unaiunganisha na simu kwa waifai yake yenyewe, unachagua jina la kitu, nayo inapiga picha za nyota, inazilinganisha na ramani yake, inajua inaelekea wapi na kujisogeza hadi pale. Huhitaji intaneti porini, ilimradi umeshaiwasha na kuisajili ukiwa nyumbani.

Uzi nauanzisha kwa sababu moja. Karibu ushauri wote niliousoma umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na nusu yake ukiufuata hapa unaharibu picha. Wao wanasema: subiri kitu kifike juu kabisa ndipo upige, maana hewa ya kupita ni chache. Kwao ni kweli. Ukiwa London galaksi hii haipandi zaidi ya nyuzi 13 juu ya upeo, inatambaa kwenye moshi na mapaa ya nyumba. Hapa Dodoma inafika nyuzi 71. Nikajua nimepata bahati kubwa, nikasubiri saa 7 na nusu usiku ifike juu, nikapiga saa nzima.

Katikati galaksi ilitoka. Pembeni nyota zote zilikuwa zimepinda kama vipande vya kucha.

Sababu ni hii. Seestar kwenye stendi yake ya kawaida inajua miendo miwili tu: kulia na kushoto, juu na chini. Anga lenyewe linazunguka. Kwa hiyo darubini inaweza kukishika kitu katikati, lakini kitu hicho kinageuka ndani ya picha kama usukani. Mtu akipita mbali nawe unamfuata kwa kugeuza shingo taratibu. Akipita juu ya daraja lililo juu ya kichwa chako, inabidi ugeuke mwili mzima kwa haraka. Ndivyo inavyokuwa karibu na utosi.

Nilikaa na kikokotoo. NGC 253 ikiwa juu kabisa hapa kwetu inageuka nyuzi 46 kwa saa. Ikiwa bado mashariki, nyuzi 40 juu ya upeo, inageuka nyuzi 9 tu kwa saa. Mara tano pungufu! Kwa picha ya sekunde 10 ikiwa juu kabisa, nyota ya pembeni inavutwa pikseli mbili na nusu. Ukijaribu sekunde 30 inavutwa zaidi ya saba. Mashariki, kwa sekunde 10, ni nusu pikseli, jicho halioni.

Programu inazigeuza picha zikae sawa kabla ya kuzirundika, yaani kuziunganisha nyingi ziwe moja, ila haiwezi kunyoosha nyota iliyokwisha kupinda ndani ya picha moja.

Basi usiku wa Jumamosi 20 Septemba 2025, mwezi ukiwa umekwisha kabisa, nilianza saa 3 na nusu usiku galaksi ikiwa nyuzi 30 juu ya vilima, nikaacha saa 5 na nusu ilipofika nyuzi 56. Picha zilizokubaliwa 561 za sekunde 10, yaani saa 1 na dakika 33 za mwanga. Nyota ni duara hadi kwenye kona. Picha nimeambatisha, ya kwanza ya sekunde 10 na ya mwisho.

Iangalieni ile ya kwanza kwa makini. Ni mkwaruzo wa kijivu tu, kama mtu amefuta chaki kwa kidole. Dakika 5 baadaye mkwaruzo una kiini. Kwenye nusu saa unaanza kuona madoa, na si chenga za picha, maana hayahami. Ilipopita saa moja michirizi myeusi ya vumbi ilijitokeza, inafuata mkunjo wa mikono ya galaksi. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikiitazama simu ikibadilika kila sekunde 10, na sikutaka hata kwenda kunywa maji.

PwaniUsiku

Mkuu, picha imenyooka. Maswali mawili. Mimi niko Tabata, juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu, taa za barabarani kila upande. Je, kuna haja ya kujaribu? Na hiyo mashine ina kichujio cha mwanga wa mji, nakiwasha au nakiacha?

MtazamaAnga_Dom

Kichujio zima, mkuu. Hili limenigharimu usiku wangu wa pili mzima. Nilikuwa nimepiga wingu la gesi siku iliyotangulia, kichujio kikabaki kimewashwa. Kinapitisha rangi chache tu zinazotolewa na gesi, na kwa mawingu ya gesi kinafanya kazi nzuri sana. Galaksi ni jumla ya nyota, na nyota zinatoa rangi zote. Ukiweka kichujio unaitupa sehemu kubwa ya mwanga wa galaksi pamoja na ule wa taa. Nilirudi nyumbani na picha ya saa 2 yenye kiini tu, mikono haipo.

Tabata jaribu. Utahitaji muda mrefu zaidi. Ukitaka chenga zipungue kwa nusu, lazima muda uzidishe mara nne: ulichokipata kwa dakika 20 kitasafika mara mbili kwa saa 1 na dakika 20. Hakuna njia ya mkato hapo. Angalia pia upande wa mashariki una nini, maana ndiko utakakokuwa unatazama. Na kwa unyevu wa Dar washa kipasha joto cha lenzi tangu mwanzo, usisubiri uone ukungu.

Mchunguzi_Huru

Samahani, nina shaka ya kweli. Simu za siku hizi ukipiga picha mwezi zinakuchorea mwezi. Nitajuaje kwamba hii mashine haichukui picha ya galaksi kutoka kwenye hifadhi yake na kukuonyesha wewe? Sekunde 10 umeona mkwaruzo, halafu ghafla kuna mikono na vumbi.

MtazamaAnga_Dom

Swali la haki kabisa, na nililiuliza mwenyewe kabla sijanunua. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuhifadhi kila picha moja moja. Iwashe. Asubuhi unahamisha faili zote kwenye kompyuta, mimi nilikuwa na zaidi ya 700 pamoja na zilizokataliwa. Fungua Siril, ni programu ya bure, uzirundike wewe mwenyewe bila darubini kuhusika. Mimi nimefanya hivyo na mikono ikatokea ileile. Katika faili moja kuna mstari wa setilaiti uliopita juu ya galaksi, hauwezi kuwemo kwenye picha ya kuhifadhiwa kiwandani.

Wasiwasi wako uweke kwenye hatua ya baadaye. Kuna zana za akili bandia za kuondoa chenga, na ukizikaza kupita kiasi zinabuni mikunjo ambayo haipo. Mimi nazitumia kidogo sana, na nikiona kitu kipya baada ya kusafisha narudi kwenye faili ghafi kukitafuta. Nisipokiona nalegeza.

KamaraMikono

Nipo Zanzibar, napiga harusi na mandhari. Nitauliza bila kuzunguka: kama huchungulii, ni mashine inayoona. Wewe umeona nini hasa? Babu yangu alikuwa baharia, nyota alizisoma kwa macho yake.

MtazamaAnga_Dom

Ndugu yangu, naiheshimu sana hiyo, na nadhani huna budi kuiona kwa macho pia. Kila nikifika shambani naanza na darubini ya mkono, 10x50 ya kawaida. Tafuta Fomalhaut, nyota angavu iliyo peke yake upande wa kusini mashariki jioni za Septemba. Jina lake ni Kiarabu, mdomo wa samaki, na naamini babu yako aliijua. Halafu, chini yake upande wa upeo, tafuta Diphda, nayo iko peke yake. Ukiwa umetazama mashariki, kutoka Diphda nenda mkono wa kulia nyuzi 7, ni kama upana mmoja wa duara la darubini ya mkono na kidogo. Utakuta ukungu mwembamba mrefu, umelala kama unyasi. Usiukodolee, utazame kwa pembeni ya jicho.

Nilimpa mjomba ile darubini. Alikaa kimya muda, akasema, "Hicho ni kiwingu, kitapita." Tukangoja. Nyota zikasogea, kiwingu kikasogea nazo. Akaniuliza kiko mbali kiasi gani. Nikamwambia mwanga tunaouona umesafiri miaka kama milioni 11. Zile nyayo za Laetoli kule Ngorongoro zina miaka kama milioni 3.6. Siku watu wale walipokanyaga lile jivu, mwanga huu ulikuwa umeshamaliza theluthi mbili ya safari. Hapo mjomba alivuta ndoo nyingine akakaa, akashika simu yangu mpaka saa 5.

Kwa hiyo jibu langu: kwa jicho niliona kwamba ipo. Kwa mashine niliona ikoje. Sitaki kupoteza hata kimojawapo.

KamaraMikono

Nimekuelewa. Hapo kwenye kiwingu umenishika.

Mkaazi_wa_Muscat

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mimi ni wa Pemba, niko Oman mwaka wa kumi na mbili. Nina S50 pia, huwa natoka na wenzangu kuelekea jangwani. Nimeshangaa, kwa sababu mimi naipiga NGC 253 ikiwa juu kabisa na sijawahi kuona nyota zilizopinda hivyo. Au chombo chako kina kasoro?

MtazamaAnga_Dom

Waalaykum salaam shekhe. Chombo ni kizima. Wewe uko nyuzi 23 na nusu kaskazini mwa ikweta, kwako inafika nyuzi 41 tu inapokuwa juu kabisa, na hapo inageuka nyuzi 18 kwa saa. Mimi 46. Kwako ushauri wa watu wa kaskazini bado unafaa: subiri ipande. Hapa kwetu karibu na ikweta mambo yanageuka. Nyota za mashariki zinapanda karibu wima, hivyo darubini inakuwa na kazi ya kuinua tu, na picha haizunguki sana. Mashariki na magharibi ndiyo nyumbani kwetu. Mtu wa London hana nafasi hiyo.

Mkaazi_wa_Muscat

Sasa nimefahamu. Tena ndiyo maana vitu vya kaskazini, kama galaksi ya M101, kwangu vinanipa tabu inayofanana na yenu, ingawa si kubwa kiasi hicho. M101 huku inafika karibu nyuzi 59. Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani, mtu asiye mwajiriwa wa sayansi, alipogundua supanova, yaani mlipuko wa nyota, ndani ya M101, rafiki yangu aliipiga picha akiwa hapa na nyota za kona zote zilikuwa zimepinda. Tulilaumu upepo.

PwaniUsiku

Kwani hakuna njia ya kuifanya izunguke na anga? Nimeona Seestar imeongezewa uwezo wa kuinamishwa.

MtazamaAnga_Dom

Ipo, mwaka 2025 wameleta sasisho la programu. Unaiinamisha ili mhimili wake uelekee ncha ya anga, yaani pale nyota zote zinapoonekana kulizunguka, na hapo picha haigeuki kabisa. Shida ni kwamba pembe ya kuinamisha inafuata latitudo ya mahali ulipo. Mtu wa Ulaya anaiinamisha kidogo. Kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, hivyo mashine inalala karibu sambamba na ardhi, uzito wote wa kilo 2 na nusu unaning'inia upande mmoja wa stendi. Nimejaribu mara moja. Kwa upepo wa Dodoma wa mwezi wa tisa sirudii bila stendi nzito na kiroba cha mchanga.

Na hapo hapo niseme kuhusu upepo, maana ndio unaokula picha nyingi kuliko mawingu. Fupisha miguu ya stendi hadi mwisho. Kaa nyuma ya ukuta au gari, upande uliokingwa na upepo. Usiku wa kwanza nilisimamisha stendi ndefu uwanjani, karibu theluthi ya picha zikakataliwa. Nilipohamia nyuma ya ghala la mjomba zikakataliwa chache.

Mwl_Sayansi_Mbeya

Mkuu asante kwa uzi huu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na nne. Je, wanafunzi kadhaa wanaweza kuona kwa pamoja? Na bei?

MtazamaAnga_Dom

Mwalimu, ndiyo. Simu au vishikwambi kadhaa vinaweza kuunganishwa kwa wakati mmoja, mmoja anaongoza na wengine wanatazama. Ukiwa na projekta, basi darasa zima. Bei, ilipotoka 2023 ilikuwa takribani dola 500, kabla ya usafiri na kodi. Ipo ndogo yake, S30 yenye lenzi ya milimita 30, nafuu zaidi, na Dwarf 3 ya kampuni nyingine, ya milimita 35. Hizo zinaona eneo pana zaidi la anga, hivyo galaksi itatoka ndogo. S50 inaona kama nyuzi 1.3 kwa 0.7, na NGC 253 ina urefu wa karibu nusu nyuzi, kama upana wa mwezi mpevu. Inakaa vizuri.

Mchana unaweza kuwaonyesha madoa ya jua. Kichujio cha jua kinakuja na mashine, kivalishe kabla ya kuielekeza huko, kila mara, usimwachie mwanafunzi hatua hiyo.

Na wahadithie habari za Caroline Herschel. Ndiye aliyeigundua galaksi hii, Septemba 1783, akiwa Datchet, Uingereza, anatafuta kometi, zile nyota zenye mkia, kwa darubini ndogo. Kule kwao ilikuwa nyuzi 13 tu juu ya upeo! Nikiwa shambani na galaksi ileile imesimama juu yangu, mwezi uleule wa Septemba, ninamfikiria sana yule mama. Sisi tumewekewa mlangoni.

Mwl_Sayansi_Mbeya

Nitawaambia hasa wasichana. Na swali lao la kwanza nalijua: kwa nini ina mikono?

MtazamaAnga_Dom

Nenda na donge la chapati darasani. Ukilikunja lile donge refu liwe kama konokono kabla ya kusukuma, umepata umbo. Ila waambie mapema kwamba mfano unakomea hapo. Mikono ya galaksi si kamba moja ya nyota zilezile inayojikunja, ingekuwa hivyo ingeshajisokota mpaka ikapotea. Ni maeneo ya msongamano. Nyota na gesi zinaingia na kutoka, kama magari yanavyoingia na kutoka kwenye foleni huku foleni ikibaki palepale. Gesi ikibanwa hapo nyota mpya zinazaliwa, ndiyo maana mikono inang'aa kwa buluu. Hii NGC 253 inazalisha nyota kwa kasi kubwa sana kwenye kiini chake. Sisi tunaiona imeinama karibu ubavu, ndiyo sababu wengine wanaiita Sarafu ya Fedha. Ukitaka kuwaonyesha mikono iliyofunguka kama donge lako, subiri galaksi ya M83 mwezi wa tano na wa sita. Hiyo inatutazama karibu uso kwa uso.

KamaraMikono

Usindikaji je? Unafanya nini baada ya kurundika?

MtazamaAnga_Dom

Kidogo tu. Nachukua faili ya FIT (picha isiyobanwa), si ile JPEG ya kwenye simu. Siril naitumia kuondoa mwanga wa nyuma usio sawa, kusawazisha rangi kwa kutumia nyota zenyewe, kisha kuufungua mwanga taratibu, hatua ndogondogo, nikiangalia kiini kisiungue. Wewe wa harusi hilo unalijua, ni kama gauni jeupe kwenye jua. Ukiona kiini kimekuwa doa jeupe, rudi nyuma. Anga usilifanye jeusi tititi, liache kijivu cheusi, la sivyo unakata ncha za mikono.

PwaniUsiku

Wakuu, mrejesho. Jana nimepanda paani Tabata. Nilianza saa 3 usiku, mashariki nina uwazi kati ya matangi mawili ya maji. Kichujio nimezima. Picha 318 zimekubaliwa, dakika 53. Anga lote lilitoka la rangi ya chungwa, nikadhani nimepoteza muda. Nikafuata hatua ya kuondoa mwanga wa nyuma, na ikabaki pale, sarafu imeinama! Michirizi ya vumbi sijaipata, lakini upande mmoja kuna giza kidogo. Kona zote nyota ni duara. Mama amenikuta saa 6 usiku bado naitazama.

MtazamaAnga_Dom

Hongera sana mkuu, nimeifungua picha yako kwenye kompyuta. Hilo giza la upande mmoja ni vumbi lenyewe, linganisha na yangu, lipo palepale. Ongeza usiku mwingine miwili, zihifadhi picha mojamoja, uzirundike zote pamoja.

Kwa wote: kila siku galaksi inawahi kwa dakika 4. Mwezi utakuwa mwembamba tena Jumamosi 18 Oktoba 2025. Usiku huo kwa Dodoma na Dar dirisha la mashariki ni saa 1 dakika 40 hadi saa 3 dakika 40 usiku, giza likiingia tu. Ikikaribia utosi iache, geukia kaskazini upige galaksi ya Andromeda, itakuwa nyuzi 42. Hiyo ni pana kuliko fremu, tumia hali ya kuunganisha vipande. Kisha saa 7 na nusu usiku urudi NGC 253, safari hii upande wa magharibi. Mimi nitakuwa nyuma ya ghala kama kawaida. Mjomba amesema ameshaweka ndoo mbili.